Kisu kimoja, hatima mbili: Siri iliyojificha ndani ya uvimbe wa ini

Na MWANDISHI WETU

WANAUME wawili wanalazwa hospitalini katika wiki moja. Wote wamepita umri wa miaka arobaini, wote wana saratani ya ini, na uvimbe wa mmoja haupishani sana na wa mwenzake kwa ukubwa. Wanapasuliwa na daktari yule yule. Kila mmoja anakatwa kipande cha ini chenye ugonjwa, na vipimo vya maabara vinaonyesha kuwa pembeni hapakubaki dalili ya saratani. Wanarudi nyumbani na kupokewa kwa vigelegele.

Miaka mitano baadaye, mmoja angali anakwenda kazini na kuwalipia watoto wake karo. Mwenzake alirudi hospitalini kabla ya mwaka kwisha. Uvimbe ulikuwa umechipuka tena mahali kadhaa, na safari hii kisu hakikuwa na la kufanya.

Msomaji, wawili hao ni wa mfano tu, lakini kisa chao hutokea kweli, na madaktari wanaopasua ini hukutana nacho mara kwa mara. Kwa miaka mingi, jamaa walipouliza kwa nini mmoja akapona na mwingine asipone, jibu lilikuwa ni lile tunalolitoa sote tunapokosa jingine: bahati.

Siku hizi kuna jibu la ziada. Limeandikwa ndani ya uvimbe wenyewe, katika jeni zake. Na ukilifuata jibu hilo hadi chanzo chake, huenda likakufikisha mahali ambapo hukutarajia kabisa, yaani katika gunia la mahindi.

Kiungo kinachoota upya

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Hukaa upande wa kulia chini ya mbavu, na kazi zake ni nyingi. Huchuja sumu, hutengeneza nyongo, huweka akiba ya sukari na huunda protini zinazosaidia damu kuganda.

Ajabu yake kubwa ni kwamba ini lililo zima laweza kukatwa hata thuluthi mbili, na sehemu iliyobaki ikakua tena na kujaza nafasi kwa majuma na miezi michache. Hiyo ndiyo inayompa daktari ujasiri wa kulikata. Lakini ini lililojaa makovu kutokana na pombe au virusi vya homa ya ini haliwezi kukua upya hivyo, na ndiyo sababu si kila mgonjwa anayeweza kufanyiwa upasuaji.

Saratani ya ini si ugonjwa wa kupuuzwa. Katika mwaka 2022 pekee, takriban watu 866,000 ulimwenguni waligunduliwa kuwa nayo, na wapatao 758,000 wakafariki. Kwa wale wanaogunduliwa mapema, upasuaji ni mojawapo ya tiba zenye matumaini makubwa. Hata hivyo, ndani ya miaka mitano baada ya upasuaji, ugonjwa unaweza kurudi kwa hadi wagonjwa saba katika kila kumi.

Ni nani atarudiwa na ni nani atasalimika? Madaktari hutazama kwanza mambo yanayoonekana: ukubwa wa uvimbe, idadi yake, kama umepenya katika mishipa ya damu, na hali ya ini lenyewe. Mambo hayo ndiyo yenye uzito zaidi hadi leo. Lakini wagonjwa wawili waweza kulingana katika hayo yote, kisha wakaachana njia. Hapo ndipo jeni zinapoingia.

Herufi moja tu

Jeni ni maagizo ambayo kila seli, yaani kila chembe hai ya mwili, hubeba ndani yake. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Herufi hizo husomwa tatu tatu, na kila tatu ni kama neno moja.

Hebu andika sentensi hii: "Mama anapika kuku." Sasa badili herufi moja tu, k iwe g: "Mama anapiga kuku." Umebadili herufi moja, na chakula cha jioni kimepotea. Hivyo ndivyo hitilafu ya jeni ilivyo. Herufi moja ikikosewa, seli hufanya jambo lisilokusudiwa.

Mojawapo ya maagizo muhimu ni jeni iitwayo TP53. Kazi yake ni kutengeneza protini ya p53, ambayo wanasayansi waliigundua mwaka 1979. Mwaka 1992, mtaalamu wa Uingereza, David Lane, aliipa jina la mlinzi wa jenomu, yaani mlinzi wa maagizo yote yaliyomo ndani ya seli.

Ifananishe na bawabu wa lango. Seli ikitaka kugawanyika ili izae nyingine, bawabu huyu huikagua. Akikuta maagizo yake yameharibika, huizuia hadi yarekebishwe. Yasiporekebishika, huiamuru seli hiyo ife. Sasa bawabu akilala au akila hongo, seli mbovu hupita, huzaana, na mwishowe huwa uvimbe.

Jeni tatu za kujua

Mwaka 2017 wanasayansi wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa jeni za saratani ya ini kutoka kwa wagonjwa 363. Jeni tatu zilijitokeza zaidi kwa hitilafu. TERT iliharibika katika takriban asilimia 44 ya waliopimwa jeni hiyo, TP53 katika asilimia 31, na CTNNB1 katika asilimia 27.

TERT ni jeni ya ujana wa milele. Kwa kawaida seli huzeeka, kwa kuwa ncha za nyuzi zake za urithi hupungua kila inapogawanyika, mfano wa mshumaa unaowaka. TERT ikiharibika, mshumaa hauishi. Hitilafu hii hutokea mapema sana, hata kabla uvimbe haujawa saratani kamili. Kwa hivyo haitoshi kumtenganisha mgonjwa mmoja na mwingine, na wataalamu wangali wanabishana kuhusu uzito wake baada ya upasuaji.

CTNNB1 ikiharibika, seli hupata amri ya kukua ambayo haizimiki. Hata hivyo, mara nyingi seli hizo hubaki zikifanana kiasi na seli za kawaida za ini. Katika uchunguzi kadhaa, wagonjwa wenye hitilafu hii waliendelea vyema kiasi baada ya kupasuliwa, ingawa si uchunguzi wote uliokubaliana na hilo.

TP53 ndiyo yenye habari mbaya. Uvimbe uliompoteza bawabu wake kwa kawaida huwa mkali. Seli zake hazifanani tena na za ini, hukua upesi, na hupenya katika mishipa midogo ya damu ambayo jicho la daktari haliioni wakati wa upasuaji. Mpaka wa kisu waweza kuwa safi, kumbe mbegu zilikwisha kusafiri! Ndiyo sababu tafiti nyingi zimeona kwamba wenye hitilafu hii hurudiwa na ugonjwa mapema zaidi na huishi muda mfupi zaidi kuliko wenzao.

Basi turudi kwa wagonjwa wetu wawili. Aliyepona huenda uvimbe wake ulikuwa na bawabu aliye macho. Mwenzake huenda bawabu wake alikuwa ameuawa zamani. Lakini ni nani aliyemuua?

Alama ya mwizi

Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, kila moja likifanya kazi peke yake, yalichapisha habari iliyowashangaza wengi. Kundi moja lilikuwa limechunguza saratani ya ini ya wagonjwa wa Qidong, wilaya iliyoko mashariki mwa China. Jingine lilichunguza wagonjwa wa kusini mwa Afrika.

Makundi yote mawili yaliona hitilafu mahali pale pale, yaani katika neno la 249 la jeni ya TP53. Huko Qidong, neno hilo liliharibika kwa wagonjwa 8 kati ya 16, na karibu kwa wote herufi ya mwisho, G, ilikuwa imegeuka T. AGG likawa AGT. Jeni hii ina maneno karibu mia nne, na inaweza kuharibika mahali pengi. Kwa nini basi watu wa mabara mawili tofauti waharibike neno moja?

Walichoshirikiana ni chakula chenye kuvu. Kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo ikifika kwenye ini hugeuzwa na kunata kwenye nyuzi za urithi, na hupenda hasa kuigonga herufi ile ya neno la 249. Katika nchi ambako watu hawali sumu hii, hitilafu hiyo ni adimu. Kwa hivyo ni kama alama ya kidole ambayo mwizi ameiacha dirishani.

Sisi Wakenya habari ya sumu hii hatukuisikia jana. Mwaka 1973 watafiti wawili, Peers na Linsell, walichapisha uchunguzi walioufanya katika wilaya ya Murang'a. Walipima aflatoksini katika vyakula vya watu wa nyanda za juu, za kati na za chini. Waliona kwamba kadiri sumu ilivyozidi chakulani, ndivyo saratani ya ini ilivyozidi.

Kisha ukaja mwaka 2004. Katika uliokuwa Mkoa wa Mashariki, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu nyingi, na 125 wakafariki. Hao walikufa haraka kwa sumu nyingi ya mara moja. Lakini ile kidogo kidogo, ya kila siku kwenye ugali na uji, haimwangushi mtu. Hungoja. Huko Gambia, watafiti waliripoti mwaka 2000 kwamba walipata hitilafu ya neno la 249 katika damu ya wagonjwa 19 kati ya 53 wenye saratani ya ini.

Zaidi ya hayo, sumu hii ina rafiki yake, nacho ni kirusi cha homa ya ini aina ya B. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wanaume wa Shanghai na kuchapishwa katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba aliyekula aflatoksini alikuwa katika hatari mara tatu hivi ya kupata saratani ya ini. Mwenye kirusi alikuwa katika hatari mara saba. Mwenye vyote viwili, je? Mara karibu sitini!

Na baada ya kisu? Mwaka 2011 uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 400 wa bara Asia ulionyesha kuwa wenye TP53 iliyoharibika, hasa katika neno la 249, walikuwa miongoni mwa wale ambao hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Kumbe sumu iliyoliwa miaka mingi nyuma huendelea kumfuata mgonjwa hata baada ya uvimbe kukatwa.

Mche mpya au shina la zamani?

Jeni husaidia pia kujibu swali jingine ambalo jamaa huliuliza kwa uchungu: "Daktari, si mlisema mmeutoa wote?"

Uvimbe unaorudi ndani ya miaka miwili ya kwanza mara nyingi ni mbegu ya ule wa zamani. Unaotokea baada ya hapo, mara nyingi ni uvimbe mpya kabisa uliozaliwa na ini lile lile lililougua. Wataalamu wakilinganisha hitilafu za jeni katika uvimbe wa kwanza na wa pili, waweza kujua. Zikifanana, ni shina la zamani. Zikitofautiana, ni mche mpya.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwako. Shina la zamani hutegemea ukali wa uvimbe, na hilo huwezi kulibadilisha. Mche mpya hutegemea shamba, yaani hali ya ini, na hilo laweza kutunzwa. Mwenye kirusi cha homa ya ini aina ya B akimeza dawa za kukidhibiti baada ya upasuaji, hupunguza hatari ya kurudiwa na saratani. Aachaye pombe pia hulipumzisha ini lake.

Je, watoto wangu wamo hatarini?

Hili ndilo swali linalowakosesha wengi usingizi. Wakisikia neno "jeni" hudhani mara moja kuwa ugonjwa umo katika damu ya ukoo, na kwamba watoto watarithi. Wengine huanza hata kunong'onezana kuhusu ndoa.

La hasha! Hitilafu tulizozitaja huzaliwa ndani ya uvimbe, katika seli za ini la mtu huyo mmoja, wakati wa maisha yake. Hazimo katika mbegu za uzazi. Baba hawezi kumrithisha mwanawe neno la 249 lililoharibiwa na mahindi aliyokula.

Kinachoweza kupitishwa nyumbani ni mambo mawili mengine. La kwanza ni kirusi, ambacho mama aweza kumwambukiza mtoto anapojifungua, na ambacho huenea pia kwa damu na kwa kujamiiana. La pili ni chakula cha sufuria moja. Kwa hivyo, baba akipatikana na saratani ya ini, watu wa nyumba yake wakapimwe kirusi cha homa ya ini aina ya B. Wasiokuwa nacho wachanjwe. Hapa Kenya chanjo hiyo iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto wachanga mwishoni mwa mwaka 2001, kwa hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni.

Asikudanganye mtu

Msomaji, usikimbilie kuuza shamba ili upimwe jeni. Kwa sasa, kipimo hicho si sharti la kuamua ni nani apasuliwe saratani ya ini na ni nani asipasuliwe. Pia hakuna dawa iliyokubaliwa ya kumfufua bawabu TP53 katika saratani hii. Hata dawa za kuzuia ugonjwa usirudi baada ya upasuaji hazijatulia. Mseto mmoja wa dawa ulileta matumaini katika matokeo ya mwaka 2023, lakini ufuatiliaji zaidi uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba faida ile haikudumu.

Faida ya elimu hii ni kuwafundisha madaktari ni nani wa kuchungwa kwa karibu zaidi, na kuwaonyesha watengenezaji dawa wapi pa kulenga.

Kwetu Afrika, tatizo liko nyuma zaidi ya hapo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 kutoka nchi tisa za bara hili uligundua kwamba nje ya Misri, nusu ya wagonjwa wa saratani ya ini walikuwa hawajapita miaka 46. Ni wagonjwa 3 hivi tu katika kila 100 waliopata tiba ya saratani yenyewe, na nusu yao hawakumaliza miezi mitatu baada ya kugunduliwa. Kisu hakikuwafikia kabisa, achilia mbali kipimo cha jeni.

Kwa hivyo, ikiwa umeambiwa una kirusi cha homa ya ini aina ya B, usingoje maumivu. Muulize daktari kuhusu kupigwa picha ya ini kwa mawimbi ya sauti kila baada ya miezi sita. Na kama wewe au jamaa yako amekwisha kupasuliwa, uliza haya:

- Je, maabara iliona saratani katika mishipa midogo ya damu?

- Ini lililobaki lina makovu kiasi gani?

- Nahitaji dawa za kudhibiti kirusi?

- Nirudi lini kupigwa picha na kupimwa damu? Miaka miwili ya kwanza ndiyo ya kuchunga zaidi, na wengi huitwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Usikose hata mara moja kwa kuwa unajisikia mzima.

Kazi inaanzia ghalani

Wewe uliye mjini waweza kusema, "Mimi silimi." Lakini gunia lile lililoletwa na basi kutoka kwa nyanya mashambani unalijua. Na unga wa dukani je? Mnamo Novemba 2019, shirika la kukagua ubora wa bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku aina kadhaa za unga wa mahindi kwa kuzidisha aflatoksini. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 10 tu katika kila sehemu bilioni moja.

Kupika hakuiondoi sumu hii. Ugali ukiiva vipi, sumu nyingi hubaki. Dawa ni kuzuia kuvu isiote. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya mchanga, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Yawekwe mahali pakavu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa husaidia sana. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye kuvu zitupwe, na karanga vivyo hivyo. Wala usimpe ng'ombe mahindi yaliyooza ukidhani umeokoa hasara, kwa kuwa sumu hupita kwenye maziwa na kumrudia mtoto kikombeni.

Je, juhudi hizi huleta tija? Watazame watu wa Qidong, wale wale ambao uvimbe wao ulifichua siri mwaka 1991. Tangu miaka ya 1980 waliacha kutegemea mahindi na kuanza kula mchele zaidi. Kadiri miaka ilivyopita, aflatoksini katika miili yao ilishuka, na vifo vya saratani ya ini miongoni mwa walio chini ya umri wa miaka arobaini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Watu wazima wengi kati yao hawakuwa wamechanjwa utotoni. Walichobadilisha ni chakula.

Wale wagonjwa wetu wawili walipofika mbele ya daktari, mengi yalikuwa yamekwisha kuandikwa ndani ya ini lao, na hakuna kisu kinachofuta maandishi ya jeni. Lakini mtoto anayekunywa uji mezani kwako asubuhi ya leo, neno lake la 249 lingali zima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla hujalipeleka gunia lile kwa msagaji, lifungue kwanza ulitazame.